Msitukate Kauli Katikati: Barua ya Wazi kwa Wahariri wa Habari za Kanda ya Ziwa

Kwa: Wahariri wakuu wa magazeti, redio, televisheni na mitandao inayotangaza habari za Mwanza na Kanda ya Ziwa

Nakala: Baraza la Habari Tanzania, Jukwaa la Wahariri Tanzania

YAH: HABARI ZENYE UKWELI ULIOCHAGULIWA

Ndugu Wahariri,

Salaam kutoka Ilemela. Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Naanza na jambo ambalo sisemi, ili tuelewane. Sisemi kwamba mnatunga uongo. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa sekondari, nimekulia pembeni mwa ziwa, na redio ya nyumbani ilinifundisha majina ya mikoa ya nchi hii kabla sijakaa dawatini. Wengi wenu nawaheshimu kwa dhati. Malalamiko yangu yanahusu habari ambayo tarehe yake ni sahihi, jina la kiongozi limeandikwa sawasawa, tarakimu hazina kosa, hakuna sentensi hata moja ya kunyooshea kidole, na bado mtu aliyekuwepo pale akiisoma anajiuliza kama ndio mkutano uleule alioketi yeye.

Habari ya uongo ina pa kuipeleka. Mtu anawaandikia, mnaomba radhi, mnachapisha masahihisho. Mkigoma, anakwenda Baraza la Habari, ambalo lilianzishwa mwaka 1995 na moja ya kazi zake ni kusuluhisha malalamiko ya namna hiyo. Habari ya ukweli uliochaguliwa haina pa kuipeleka. Ukilalamika unaulizwa: kipi hapa si kweli? Unakosa la kujibu, kwa sababu kila kilichomo ni kweli. Kinachouma ni kile kilichoachwa nje.

Nitawaeleza niliyoyaona kwa macho yangu.

Palikuwa na mkutano wa hadhara kwenye mwalo mmoja wa upande wetu huu wa Igombe. Uliitishwa wakati wa mbalamwezi, jambo la busara, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu. Kina mama wa dagaa walikuwa wamekaa juu ya magunia, na mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyenihimiza niende. Kiongozi alifika na msafara wake, akazungumzia uvuvi haramu: makokoro, yaani nyavu za kukokotwa, nyavu za timba ambazo ni za uzi mmoja wa plastiki, sangara wachanga wanaovuliwa kabla hawajazaa. Alizungumza vizuri, na alikuwa na haki, maana uvuvi huo upo na unatumaliza.

Kisha akaruhusu maswali, na hapo ndipo mkutano ulipochangamka. Kijana mmoja akasimama, akaeleza jinsi walivyovamiwa usiku katikati ya maji, wakanyang'anywa injini, wakapiga kasia mpaka kukakucha. Mwingine akasema yeye waliondoka na injini pamoja na taa zote za sola. Mama mmoja mwenye mitumbwi akasema injini iliyoporwa ilikuwa ya mkopo, na marejesho anaendelea kuyalipa kila wiki kwa chombo ambacho hana. Kila aliyesimama aliishia kwenye swali lilelile: boti ya doria iko wapi?

Mwishoni akasimama mzee anayeheshimika sana pale mwaloni. Akasema: "Wabeja sana, Mheshimiwa. Tunakushukuru kwa kufika kutusikiliza, maana wengi wanaishia kwenye lami. Lakini vijana wetu wanaporwa kila giza likiingia, na tukipiga simu tunaambiwa boti haina mafuta. Tunaomba utujibu leo, hapahapa."

Kiongozi akajibu kwamba suala hilo amelichukua na atalifuatilia. Nilimtazama usoni, na naamini lilimgusa.

Kesho yake jioni redio ikatangaza. Wavuvi wametakiwa kuachana na uvuvi haramu. Kiongozi ametoa onyo kali kwa wanaotumia makokoro. Halafu ikasikika sauti ya mzee wetu: "Tunakushukuru kwa kufika kutusikiliza." Ikaishia hapo, ikaja habari nyingine. Mzee alikatwa kabla hata hajaifikia lami, sembuse injini na boti.

Tuliisikiliza tukiwa kibarazani kwa mama mdogo, na majirani wawili watatu. Hakuna aliyetukana wala kupaza sauti. Nilipokutana na mzee baadaye nikamuuliza kama aliisikia. Akasema, "Mwalimu, siku nyingine wakija na vinasa sauti sitoi shukrani. Nitaanza na shida moja kwa moja." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Mzee wa umri ule amelelewa akijua kwamba mgeni hushukuriwa kwanza, ndipo aelezwe shida. Sasa amejifunza, kutokana na kazi yenu, kwamba adabu yake inaweza kugeuzwa kitambaa cha kumziba mdomo.

Niambieni, taarifa ile ilikuwa na uongo gani? Mkutano ulifanyika. Onyo lilitolewa. Mzee alishukuru. Hata hivyo mtu wa Dodoma au Dar es Salaam aliyeisikiliza alielewa kwamba tatizo la mwalo ule ni wavuvi wakorofi, na kwamba wavuvi wenyewe wameridhika. Kuhusu injini hakusikia chochote.

Mliosomea uandishi, iwe SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Nyegezi au kwingineko, mnalijua hili kuliko mimi. Mnaliita engo ya stori. Robert Entman, msomi wa Marekani, aliandika mwaka 1993 kwamba kuweka jambo katika fremu ni kuchagua baadhi ya vipengele vya uhalisia na kuvifanya vionekane zaidi ya vingine. Kuchagua hakuepukiki, nakubali. Ukurasa una mwisho, taarifa ya habari ina dakika zake. Lakini kuchagua kuna uzito, na uzito huo umeshapimwa.

Nikifika kwenye takwimu darasani huwa nawapa wanafunzi jaribio la Amos Tversky na Daniel Kahneman lililochapishwa mwaka 1981. Watu waliambiwa kuna ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600, wachague mpango wa kukabiliana nao. Kundi la kwanza lilielezwa kwamba mpango mmoja utaokoa watu 200 kwa hakika, na mwingine ni wa bahati nasibu: nafasi moja kati ya tatu kwamba wote 600 watapona, na nafasi mbili kati ya tatu kwamba hapatapona mtu. Asilimia 72 wakachagua kuokoa 200 kwa hakika. Kundi la pili likapewa mipango hiyohiyo kwa maneno mengine: wa kwanza watu 400 watakufa, wa pili ni bahati nasibu ileile. Safari hii asilimia 22 tu ndio waliouchukua mpango wa hakika. Hesabu ni moja, 600 ukitoa 400 unabaki na 200, na kila mwanafunzi wangu anaifanya kichwani. Ila uamuzi wa watu uligeuka juu chini kwa sababu kundi moja liliambiwa wanaopona na jingine likaambiwa wanaokufa. Hakuna aliyedanganywa katika makundi yale mawili.

Sasa njooni Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air ilitumbukia ziwani karibu kabisa na uwanja ikiwa na watu 43. Walifariki 19, wakapona 24. Wavuvi na wakazi wa pale walifika na mitumbwi na kamba wakaanza kuokoa. Habari iliyotawala baada ya hapo ikawa ya kijana mvuvi shujaa: alikabidhiwa shilingi milioni moja, ikaagizwa aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, picha zake zikaenea nchi nzima. Sina neno hata moja la kumpunguzia kijana yule. Aliingia majini wakati wengine tulikuwa tunatazama kwenye simu. Lakini swali la kwa nini wavuvi ndio walikuwa waokoaji, pembeni ya uwanja wa ndege uliojengwa ukingoni mwa ziwa, lilipata nafasi ndogo mno. Taarifa ya awali ya uchunguzi iliyotoka mwezi huohuo iligusia kuchelewa kwa uokoaji rasmi na upungufu wa vifaa. Ni wangapi kati yenu mliipa taarifa hiyo ukurasa wa mbele kama mlivyompa kijana? Na ni wangapi mlirudi Bukoba baada ya mwaka mmoja kuuliza boti iko wapi, mitungi ya hewa iko wapi, wazamiaji ni wangapi?

Ninyi mnayaita yale stori mbili. Kwangu mimi ni moja, na iligawanywa. Nusu inayopendeza ilitangazwa kwa wiki nzima, nusu inayouliza ikapita kama tangazo la kifo la mtu tusiyemjua.

Jambo hili kwetu si la nadharia, kwa sababu ziwa hili lilishatuonyesha ukatili wa tarakimu sahihi. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, orodha ya abiria ilikuwa na watu 443. Namba hiyo haikuwa ya kubuni. Ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, walikokuwa watu wa nauli ndogo, halikuwa na orodha. Waliokufa walizidi 800, na wengi wamelala Igoma hapa jijini. Aliyeandika 443 siku ile aliandika kilichokuwa kwenye karatasi. Waliokuwa nje ya karatasi walikuwa wengi kuliko waliokuwemo. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kila nikisikia namba inayosomwa redioni bila kuelezwa imehesabu kina nani na imewaacha kina nani, akili yangu inakwenda kwenye daraja la tatu.

Mwanza tunajua pia inavyouma ukichaguliwa na wageni. Mwaka 2004 ilitoka filamu kuhusu sangara wetu, ikatembea dunia nzima, na mwaka 2006 watu wakaandamana hapa jijini kuipinga. Mapanki, mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, yalikuwepo na watu walikuwa wakiyala. Huo ulikuwa ukweli. Viwanda vya minofu vilikuwa vikiajiri watu na kuingiza fedha za kigeni. Nao ulikuwa ukweli. Filamu ilibeba wa kwanza, majibu ya wakubwa yakabeba wa pili, na mama aliyekuwa akikaanga mapanki ili watoto wapate kitoweo hakupewa nafasi ya kueleza kwa nini minofu ilikuwa haimfikii. Tulilalamika sana wakati ule kwamba tumeonyeshwa nusu. Nashangaa kwamba tulipopata redio na magazeti mengi zaidi ya kwetu, utaratibu ukabaki uleule.

Chukueni na mauaji ya vikongwe wa Usukumani. Habari huja na maneno mawili, imani za kishirikina, na hapo uchunguzi unakuwa umekwisha. Imani hizo zipo, sizikatai. Lakini macho mekundu, yanayodaiwa kuwa alama ya uchawi, kwa bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ni macho ya moshi, na katika baadhi ya kesi nyuma ya uchawi kuna shamba, kuna urithi, kuna mjane ambaye akiondoka mtu fulani atagawana eneo. Ukiandika ushirikina peke yake, muuaji anaonekana mjinga aliyepotoka. Ukiandika na shamba, anaonekana mtu mwenye hesabu zake, na polisi wanajua pa kuanzia.

Halafu kuna suala la magonjwa. Hili linaniogopesha kuliko yote. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hadi tarehe 15 zilionyesha hakuna maambukizi. Kauli hiyo ilikuwa na mipaka yake: sampuli hizo, hadi siku hiyo. Ilipotufikia huku ilikuwa imevuliwa mipaka yote, imebaki Marburg hakuna. Watu wakaendelea kupanda basi kwenda na kurudi Biharamulo, hukohuko Kagera, bila wasiwasi. Tarehe 20, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha mgonjwa mmoja. Mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, na wote walikuwa wamefariki.

Waliosikia "hakuna" na baada ya siku chache wakasikia "yupo" walijenga maelezo yao wenyewe. Kwenye daladala ya kutoka Buzuruga niliwasikia wakisema wakubwa walijua tangu mwanzo. Mtu angetangaziwa tu kwamba vipimo vya awali havijaonyesha kitu na upimaji unaendelea, asingeona kinachopingana. Na msisahau tulikotoka: idadi ya wagonjwa wa korona ilisimama kwenye 509 mwezi Mei 2020 na ikabaki hapohapo zaidi ya mwaka mzima, wakati misiba tulikuwa tunaizika. Chanjo ilipokuja mwaka 2021 mkashangaa watu wanasitasita.

Imani ya watu haivunjwi siku moja kwa kishindo. Inapungua kwa vitu kama kauli ya mzee iliyokatwa. Na ikishapungua haichagui. Mvuvi aliyesikia mkutano wake ukitangazwa nusu hasemi sasa siamini habari za siasa tu. Anaacha kuamini redio. Redio hiyohiyo ndiyo inayomletea tahadhari ya upepo mkali na mawimbi kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Makadirio yanayorudiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria. Nimewahi kusimama ufukweni jioni, tahadhari imetangazwa mchana, na vijana wanasukuma mtumbwi majini. Nikawauliza hawajasikia? Mmoja akanijibu, "Mwalimu, hao si ndio waliosema tumeridhika?" Wakaondoka. Walirudi salama, namshukuru Mungu. Lakini tazameni tulipofika: habari iliyokatwa ya mkutano wa mchana inamfanya mtu aidharau habari nzima ya dhoruba ya usiku.

Sasa nigeukie upande wenu, maana haitakuwa haki niwaandame bila kuitazama hali mnayofanyia kazi.

Najua mwandishi wa mkoani, yule wa kujitegemea, analipwa kwa stori inayotoka, na malipo yenyewe hayafiki nauli ya bodaboda kwenda na kurudi mwaloni. Gari linalofika kule ni la msafara wa kiongozi. Akipanda gari hilo, anafika na kiongozi, anaondoka na kiongozi, na bahasha ya posho inatoka mkono uleule. Kubaki nyuma saa moja azungumze na yule mama mwenye mkopo wa injini maana yake ni kuachwa porini na giza linaingia. Siwezi kumwita kanjanja kijana huyu. Amewekwa mahali ambapo ukweli wa upande mmoja ni wa bure na ukweli wa upande wa pili anaugharimia mwenyewe.

Najua pia mmeishi na hofu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 iliwapa wakubwa meno marefu, mpaka Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua mwaka 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Mwaka huohuo gazeti la The Citizen lilifungiwa siku saba kwa habari kuhusu kushuka kwa shilingi. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya hata sisi walimu wa takwimu tuulizane tunaruhusiwa kusema nini, kabla hayajalegezwa mwaka uliofuata. Mhariri aliyepitia haya anajifunza kukata sauti mapema kabla hajaambiwa akate. Nalielewa hilo. Lakini sheria gani ilikataza kutangaza kwamba injini zinaporwa ziwani? Kiongozi mwenyewe alilisikia hadharani, mbele ya polisi aliokuja nao, na hakumkaripia mtu. Mara nyingine mnatuficha jambo ambalo hata mkubwa hakuomba lifichwe.

Ninachoomba ni vitu vinavyowezekana ndani ya vyumba vya habari mlivyonavyo.

Mkitangaza mkutano wa hadhara, pamoja na hotuba tangazeni swali lililoulizwa zaidi, na jibu lake kama lilijibiwa. Sentensi moja inatosha. Ile taarifa ya mwalo wetu ingeongezewa maneno haya tu, "wavuvi nao walilalamikia uporaji wa injini na kukosekana kwa boti ya doria," na mzee angekuwa bado anatoa shukrani zake kama alivyofundishwa. Mkikata sauti ya mtu, ikateni mahali ambapo hoja yake imefika, hata kama itawalazimu kupunguza sauti ya mheshimiwa.

Mwandishi akisafiri kwa gari la anayeandikwa, semeni. Kama magazeti ya wenzetu yanaweza kuandika kwamba safari imegharimiwa na mhusika, na yenu yanaweza. Msomaji hatawadharau kwa hilo. Atajua tu asimame wapi anapoisoma. Na wamiliki wenu, ambao najua barua hii itawafikia kwa njia moja au nyingine, watenge nauli ya kurudi. Namaanisha nauli ya mwandishi kurudi peke yake siku ya pili, msafara ukiwa umeshaondoka. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 tuliona hotuba, tuliona magari ya kwanza yakivuka kilomita zile tatu, na furaha ilikuwa ya kweli, nami nilifurahi, maana foleni ya kivuko ilishawahi kuwachelewesha wagonjwa wangapi wa kuja hospitali ya Bugando! Lakini yule aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma na soda kwenye foleni ile kwa miaka na miaka, nani alirudi kumuuliza amehamia wapi? Daraja linabaki zuri hata akiulizwa.

Namba nazo zielezwe. Mkipewa idadi ya nyavu zilizoteketezwa, ulizeni ni za wangapi, na wenye viwanda au maduka yaliyoziuza wamekamatwa wangapi. Mkipewa asilimia, tafuteni ni asilimia ya nini. Samaki waliopanda kutoka mmoja hadi wawili wameongezeka kwa asilimia mia. Mkishindwa kupata jibu, andikeni kwamba mliuliza na hamkujibiwa. Kutojibiwa nako ni habari.

Kwa Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri ninaomba jambo gumu kidogo. Pokeeni malalamiko ya kuachwa, kama mnavyopokea malalamiko ya kusingiziwa. Mtu aje na kusema: nilikuwepo, nilisema haya, yaliyotangazwa ni haya, na kilichoachwa kimebadilisha maana. Chombo cha habari kitakiwe kurudia taarifa kikiwa na kile kilichokosekana, kwa uzito uleule na saa ileile. Najua haitakuwa rahisi kupima. Hata hivyo katika mkutano kama ule wa mwaloni kulikuwa na mashahidi zaidi ya mia, na kinasa sauti cha mwandishi mwenyewe kina kauli yote mpaka mwisho.

Maswali yaliyoulizwa siku ile niliyaandika kwenye daftari, pamoja na majina ya walioyauliza, ambao wako tayari kuzungumza. Boti ya doria bado hatujaiona. Mhariri yeyote atakayemtuma mwandishi, nitampeleka mwaloni mwenyewe, kwa nauli yangu, na nitamrudisha mjini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati,
Ilemela, Mwanza